Chunjua ya unyayo mwaka wa pili sasa haitoki: siki, saumu, wembe, hata maji ya betri

Mwana wa Mashua, Shela

Asalaam aleikum jamaa. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe ni dogo kwa macho lakini limenikalia moyoni.

Mimi ni baharia wa Shela, Lamu. Mashua ni ya baba, twaifanyia kazi mimi na ndugu zangu wawili: msimu wa wageni twawapeleka Manda na Kipungani, wageni wakiadimika twavua. Kazi hii naifanya miguu mitupu tangu utotoni. Kwenye mashua kiatu hakifai. Tanga likigeuzwa na mkahitaji kuhamia upande wa pili upesi, unyayo ndio unaokwambia ubao upi una maji, kamba imelala wapi na taruma lipi, ule ubavu wa mashua, ulikanyagie. Aliyezoea nchi kavu huenda asinielewe, ila kwangu mimi unyayo ni sawa na kiganja.

Msimu wa upepo wa Kaskazi mwaka juzi, mguu wa kulia, pale penye mnofu chini ya kidole cha pili, nilianza kuhisi kama nimekanyaga kichangarawe. Nikajua ni mwiba wa baharini. Nikatwaa sindano, nikachokoa, hapana kitu. Nikasema basi ni sugu, itaisha. Baada ya miezi miwili ikawa duara kama punje ya mbaazi, ngumu, ya rangi ya nta, na ndani yake vidoto vyeusi kama pilipili manga iliyopondwa. Nikikanyaga sakafu yauma kiasi cha kuvumilika. Nikiibana ubavuni kwa vidole viwili, maumivu hunipanda mpaka gotini.

Nimefanya haya. Kwanza siki ya dukani: pamba iliyoloa, plasta juu, usiku kucha, siku 14. Ngozi ya pembeni ikageuka nyeupe kama ngisi aliyechemshwa, ikachubuka, na chunjua ikabaki pale pale. Kisha kitunguu saumu, nilikiponda nikakifunga kwa kitambaa. Usiku wa pili sikulala, asubuhi kuna malengelenge mawili makubwa, na siku nne sikushuka baharini.

Halafu wembe. Niliuloweka mguu, nikakata kidogo kidogo nikidhani nitafika kwenye mzizi niung'oe. Damu ilitoka isivyo kawaida kwa kidonda kidogo namna ile. Baada ya wiki sita hivi zikatokea mbili ndogo kando ya ile ya kwanza.

La mwisho naona uzito kulisema lakini nalisema ili mwingine asilifanye. Mwenzangu mmoja wa bandarini aliniambia maji ya betri hula chunjua yote. Nikachovya kijiti cha kiberiti, nikagusa tone moja. Ilitoboa shimo. Wiki tatu natembea kwa kisigino, na kovu liko mpaka leo. Chunjua imeota tena ukingoni mwa kovu.

Katikati ya hayo yote kuna duka la dawa, sitalitaja, waliniuzia kichupa kisicho na karatasi wala maelezo. Nikauliza natumiaje, nikaambiwa paka tu. Nikapaka unyayo mzima pale mbele. Ngozi nzima iliwaka, nikakiweka kichupa kabatini. Nyanya yangu naye alinifanyia kombe la zafarani, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, nikanywa kwa nia njema na moyo ukatulia. Mguu bado.

Kinachonifanya niandike leo si mguu wangu. Jumatano nilikuwa namvua viatu binti yangu, ana miaka saba, ametoka shule. Kisiginoni pana kidoto kama kichwa cha kiberiti, kigumu, na ndani yake vile vile vya pilipili manga viwili. Choo chetu ni kimoja, birika moja, kata moja, sakafu moja ya saruji. Mama yake hajasema neno lakini naona amenunua ndara mpya mbili.

Je, mimi ndiye niliyempa? Nimtibu au nimwache? Na aliyewahi kuziondoa zikaondoka kweli, aseme alifanya nini na muda gani. Tafadhali msinitajie la kuchoma tena.

---

Mama wa Wanne, Langoni

Waaleikum salaam mwanangu, pole sana. Kwetu wazee waliita sunzua. Mtoto usimtazame kwa hofu, atakusoma usoni kabla hujafungua mdomo.

Nitakwambia la papai, na nitakwambia pande zote mbili maana sipendi mtu asifie dawa akaficha mwisho wake. Papai bichi likiwa bado mtini, asubuhi mapema kabla jua halijapanda, walichanja kwa ncha ya kisu, si kwa kina, utomvu watiririka mweupe. Kinga kwa kifuu. Palepale, kabla haujaganda, chota kwa kijiti ugusishe juu ya sunzua tu, na kuzunguka umepaka mafuta ya mgando ili ngozi nzima isiliwe. Mwanangu wa pili alifanyiwa hivyo kila asubuhi, ikalainika, ikawa yabanduka kama unga mkavu, mwezi wa tatu haipo.

Basi nikajiona daktari. Wa tatu alipopata, mti ule ule, mkono ule ule, miezi minne, wapi! Nikachoka nikaacha. Ramadhani ilipokuja tukasahau kabisa, siku ya Idi namkata kucha naona mguu safi. Sijui nani aliyeitoa.

Ila mnyaa usiuguse. Watu watakwambia utomvu wa mnyaa una nguvu kuliko wa papai. Una nguvu kweli. Mtoto wa jirani yetu alipakwa mguuni, akashika, akajifuta jicho. Alikaa siku tatu chumbani gizani akilia, jicho limefura, tukimwosha kwa maji kila saa. Alipona kwa rehema za Mungu, lakini kile kilio nakisikia hadi leo.

---

Afisa wa Kliniki, Malindi

Kaka, pole. Nimefanya kazi Malindi miaka mingi na miguu ya mabaharia na wavuvi naijua. Nitaandika kwa urefu kwa sababu umeeleza vizuri, na maelezo yako mwenyewe yana majibu.

Kwanza ni chunjua kweli, si sugu. Umejipima bila kujua. Sugu huuma ukiikandamiza wima, chunjua huuma zaidi ukiibana ubavuni. Siku ukitaka uhakika zaidi, osha mguu utazame mistari ya unyayo, ile inayofanana na ya vidole. Kwenye sugu mistari hupita juu moja kwa moja. Kwenye chunjua hukatika ikazunguka, kama maji yanavyopita kando ya jiwe. Vile vidoto vyeusi si mizizi. Ni vimishipa vidogo vya damu ambavyo damu imegandia ndani. Ndiyo maana wembe ulipopita ilichuruzika kiasi kile. Chunjua haina mzizi wa kung'oa, yote imo kwenye tabaka la juu la ngozi, imesukumwa ndani kwa uzito wako mwenyewe. Huko kwenye "mzizi" uliokuwa ukiutafuta kwa wembe ni nyama yako nzima isiyo na kosa.

Kinachoileta ni kirusi, jamii ya HPV. Aina zake ni zaidi ya mia. Zile za unyayo, mara nyingi namba 1, 2, 4, 27 na 57, si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, kwa hiyo hofu hiyo iondoe. Kirusi hiki hupenda ngozi iliyolainika kwa maji na yenye mikwaruzo. Sasa fikiria mguu wako: maji ya chumvi kutwa, mchanga, mbao zenye vibanzi. Kisha huchukua miezi kabla ya kuonekana. Kwa hiyo ukiniuliza kama wewe ndiye uliyempa binti, siwezi kukwambia ndiyo wala la. Yaweza kuwa sakafu ya choo chenu, yaweza kuwa shuleni, yaweza kuwa popote watoto wanapokanyaga majimaji miguu mitupu. Usijibebeshe.

Kuhusu wembe: zile mbili ndogo hazikutokea kwa bahati. Ulipokata ulifungua ngozi ya jirani ukapandikiza. Na wembe, mpendwa, una mengine. Pepopunda iko, na Lamu mwakanyaga njia moja na punda kila siku. Kama hujachanjwa kwa miaka kumi iliyopita, nenda ukaulize. Wembe ule usiutumie tena kwa chochote, wala mtu mwingine asiushike.

Sasa dawa. Naanza na jambo linalonisikitisha: duka lile lilikuuzia, kwa ninavyokisia, dawa sahihi bila maelezo. Dawa ya kwanza ya chunjua ya unyayo ni asidi ya salisiliki. Huwa kwenye kichupa, mara nyingi asilimia 17, au kama plasta ya asilimia 40. Kile kisicho na karatasi kitupe, hujui kilichomo wala nguvu yake. Nunua chenye jina na tarehe.

Fanya hivi, usiku kabla ya kulala. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi. Sugua juu ya chunjua kwa jiwe la miguu, taratibu, mpaka ule ukoko mweupe utoke, ukiona dalili ya damu umepita kiasi. Kausha vizuri. Paka mafuta ya mgando kuzunguka, duara, kama mtu anayejenga ukuta wa kisima. Kisha tone la dawa ndani ya duara, liache likauke, funika kwa plasta. Kesho tena. Jiwe hilo ni la chunjua tu, usisugulie kisigino kingine, usimpe mtu. Ngozi ikiwa nyekundu na kuuma, pumzika siku mbili tatu, kisha urudi.

Na muda: si wiki moja, si mbili. Wiki 12 ndiyo ahadi unayojipa. Wengi huacha wiki ya tatu, wanasema haifanyi kazi.

Nisikudanganye, hata kwa wiki 12 si wote wanaopona. Uingereza na Ireland walifanya utafiti uliotangazwa 2011, watu 240 wenye chunjua za unyayo, nusu wakatumia asidi hii ya asilimia 50 nyumbani, nusu wakagandishwa na nitrojeni ya maji, ile yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwisho wa wiki 12 waliopona kabisa walikuwa asilimia 14 kila upande. Sawa kwa sawa. Nakwambia hili ili mtu asije akakuuzia safari ya Mombasa na gharama ya kugandishwa akisema ndiyo dawa ya uhakika. Kugandisha kuna nafasi yake kwa chunjua kaidi, lakini si muujiza, na kunauma.

Kwa upande mwingine mwili wenyewe hufanya kazi. Kwa watoto, takriban theluthi mbili ya chunjua huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili. Kinga ikishamtambua huyu mgeni, humtoa. Mama wa Wanne ameeleza jambo hili vizuri kuliko kitabu: mtoto mmoja ilitoka akipakwa papai, mwingine ilitoka akiwa amesahauliwa. Dawa inayokuwa mkononi siku chunjua inapoondoka ndiyo hupewa sifa. Siki, saumu, habbasoda, ganda la ndizi, kila moja ina mashahidi wake, na mashahidi hawasemi uongo.

Binti yako mwache. Kama haimuumi na haimzuii kucheza, funika kwa plasta, avae ndara chooni, akaushe miguu. Asidi usimpake bila kuonwa na mtu wa afya.

Kuna watu sitaki wafuate hata neno moja la haya niliyoandika kuhusu dawa: mwenye kisukari, na mwenye miguu iliyokufa ganzi au isiyopitisha damu vizuri. Hao wasiguse asidi wala jiwe, waende kituoni. Na mtu ambaye kinga yake iko chini, chunjua zake huwa nyingi na kaidi, hilo nalo ni la kuzungumza na daktari faraghani, si la kuonea aibu.

---

Kijana wa Mokowe

Mie niliiondoa kwa tepu ile ya kijivu ya mafundi, ya kuzibia mabomba. Nilikata kipande saizi ya chunjua, nikabandika siku sita. Siku ya sita jioni natoa, naloweka, nasugua, nalala bila kitu, asubuhi nabandika tena. Wiki ya saba ilichomoka nikabaki na kishimo cha waridi. Haikuuma hata kidogo. Jaribu hiyo kaka, gharama ni tepu tu na ukimaliza wazibia bomba.

---

Afisa wa Kliniki, Malindi

Kijana wa Mokowe, tepu yako ina historia. Mwaka 2002 Marekani walijaribu kwa watoto na vijana, tepu ikaponya asilimia 85 na kugandisha 60. Dunia nzima ikachangamka. Kisha 2006 Uholanzi wakarudia kwa watoto wa shule 103, tepu ikapata 16 kwa mia na plasta isiyo na kitu 6, tofauti ndogo kiasi cha kutoweza kusema ni tepu. Mwaka uliofuata Marekani wakapima kwa watu wazima, hakuna tofauti. Kwa hiyo siikatai wala siiapii. Haina madhara makubwa, na kwa mtoto ambaye sitaki kumpaka asidi, naona ni afadhali kuliko vyote. Mwana wa Mashua, kwa binti waweza kuijaribu. Kwako, tepu haitashika kwenye maji ya bahari.

Jambo moja nilisahau, na ni zito. Si kila kigumu cha unyayo ni chunjua. Ukiona jicho moja jeusi katikati ya weupe uliovimba, linawasha, pengine karibu na ukucha, hilo ni funza, usilichokoe kwa sindano ya kuazimana, njoo kituoni. Na ukiona doa jeusi au kahawia, si vidoto bali doa, linatanuka, ukingo wake haueleweki, au kidonda cha unyayo kisichofunga kwa wiki kadhaa, usipake kitu chochote. Sisi watu weusi saratani ya ngozi ni nadra, lakini ikitupata hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha. Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, na yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Nimewahi kumpokea mzee aliyepaka dawa za chunjua miaka mitatu juu ya doa namna hiyo. Alikuja amechelewa. Simsahau. Ndiyo maana nasema chunjua iliyokataa miezi mitatu ya dawa ya kweli ionwe na jicho la pili.

---

Fundi wa Kubadhi, Mkomani

Mimi dawa sina, nina ngozi. Yakhe, pita kibandani. Nitakukatia pete ya ngozi laini ya mbuzi, tundu katikati saizi ya mzigo wako, tuigandishe ndani ya kubadhi, kile kiatu cha wazi cha ngozi. Uzito unakaa kwenye pete, chunjua inakaa hewani. Wachukuzi wawili wa hapa Mkomani wanaotembea na punda kutoka asubuhi mpaka magharibi niliwafanyia hivyo, mmoja kwa chunjua mmoja kwa sugu, na wote waliacha kuchechemea siku ile ile. Haiponyi. Lakini mtu anayechechemea miezi, goti na nyonga navyo huanza kudai.

Na nyumbani rudisheni mitaawanda, vile viatu vya mbao. Bibi zetu hawakuingia chooni miguu mitupu hata siku moja. Ule mti wakauka upesi, na kila mtu alikuwa na wake. Siku hizi twaiuzia wageni kama pambo.

---

Mwana wa Mashua, Shela

Nimewasoma wote, wengine mara tatu. Mwenyezi Mungu awalipe. Afisa, pale uliposema nisijibebeshe, nilimsomea mke wangu kwa sauti.

Nina swali. Baharini sitaweza kuacha, na miguu hulowa kutwa. Je, dawa itafanya kazi? Na la msikitini, natawadha mara tano, wengine hupita nyuma yangu pale pale.

---

Afisa wa Kliniki, Malindi

Dawa paka usiku, mguu ukiwa na saa saba nane za ukavu, hiyo yatosha. Mchana plasta isiyopitisha maji, ikibanduka usijali. Mashua imeinuliwa ufukoni wakati wa Kusi kali? Huo ndio msimu wako wa kuanza, hutalowa sana.

La udhu: fika na ndara zako, tawadha, kausha miguu kwa kitambaa chako mwenyewe hasa katikati ya vidole, kisha ingia. Chunjua iliyofunikwa plasta usiku na kukaushwa mchana haimwagi kirusi kama ile iliyolowa na kuchubuka. Usiache sala ya jamaa kwa ajili ya hili.

---

Mwana wa Mashua, Shela

Narudi kama nilivyoahidi. Nilianza wiki ya pili ya Juni, mashua iko juu ya magogo twaipaka sifa, yale mafuta ya samaki. Leo ni wiki ya 13.

Wiki tatu za kwanza sikuona kitu ila unga mweupe kwenye jiwe. Nilitaka kuacha, kweli. Nilikuwa nimeandika ukutani kwa penseli, kila usiku mstari mmoja, na binti yangu ndiye aliyeshika penseli, basi usiku nisipoloweka mguu ananijia na beseni. Wiki ya tano vile vidoto vyeusi vilipanda juu. Vilikuwa ndani, sasa viko juu kabisa, nikisugua vinatoka na ukoko, kimoja kimoja. Wiki ya nane moja kati ya zile ndogo ikawa haipo. Ya pili ikafuata baada ya siku kumi hivi. Mara mbili ngozi iliwaka nikapumzika siku tatu, kama ulivyosema.

Ile kubwa, ya pembeni mwa kovu la betri, bado. Lakini si ile tena. Ilikuwa imetuna, sasa imelala sawa na ngozi. Nikiibana ubavuni nasikia mguso tu. Jana mchana nilikaa mlangoni kwenye mwanga, nikauosha unyayo, nikautazama kwa muda. Upande mmoja mistari imerudi, inapita juu kama sehemu nyingine. Upande wa kovu bado inazunguka.

Pete ya ngozi ya mbuzi naivaa nchi kavu, nashukuru fundi, na hukunitoza. Mitaawanda tumepata jozi nne, watoto waigonga sakafuni asubuhi mpaka jirani ameuliza kuna nini.

Binti yangu tulimbandika tepu ya kijana wa Mokowe wiki mbili, ikamkera, tukaacha. Mwezi uliopita mama yake alimwogesha akaniita. Kisigino kitupu. Hatukufanya kitu kingine.

Jumamosi twashusha mashua. Afisa, hii moja iliyobaki, niendelee na kichupa au nije Malindi uione?

---

Afisa wa Kliniki, Malindi

Endelea wiki nne nyingine, kwa vile inapungua. Ikisimama, usiongeze nguvu ya dawa juu ya kovu lile, ngozi ya kovu ni nyepesi. Njoo tuitazame. Na pepopunda ulichanjwa? Hukusema.

---

Mwana wa Mashua, Shela

Nilichanjwa Julai. Mke wangu na ndugu zangu wawili pia.